Shajara ya mradi: Safu ya mtu asiyepanda treni

11 Januari

Nimeanza leo. Nimefungua lahajedwali tupu kwenye kompyuta, nikaandika juu yake RELI NYEPESI, JARIBIO, kisha nikakaa nikilitazama kama mtu aliyenunua daftari zuri na sasa anaogopa kulichafua.

Kazi yangu ya mchana ni mifereji na mabomba ya maji taka hapa Dar es Salaam. Treni si fani yangu. Lakini vikao vya usafiri wa mjini ninavyoitwa kwa sababu ya mifereji huishia kwenye ubishi uleule: mmoja anataka treni iende kasi, wa pili anataka vituo vingi, wa tatu hataki gharama, wa nne hataki nyumba yake iwekwe alama ya X ya kubomolewa. Kila mtu anavuta ngozi kwake, na hakuna anayeweza kusema, kwa dakika na mita, akipewa anachokitaka yeye mwenzake atapokonywa nini. Nataka lahajedwali la kujibu hilo. Nigeuze namba moja, nione nyingine zote zinavyocheza.

Mji wa kupimia utakuwa Addis Ababa. Ni mji wa ukanda wetu, na reli yake nyepesi, ya treni fupi za umeme za mjini, ilijengwa mfululizo, bila miaka kumi ya kusuasua: ujenzi ulianza mwishoni mwa 2011 kwa mkopo wa benki ya Exim ya China, mkandarasi akiwa China Railway Group, na abiria wa kwanza wakapanda tarehe 20 Septemba 2015 kwenye njia ya kaskazini hadi kusini. Ile ya mashariki hadi magharibi ilifuata Novemba mwaka huohuo. Jumla ni kilomita 31.6, vituo 39, treni 41, umeme wa volti 750 kutoka nyaya za juu, na gharama ya dola milioni 475 hivi. Katikati ya mji, kati ya eneo la Meskel Square na Lideta, njia zote mbili zinapita pamoja juu ya nguzo kwa kilomita 2.7. Kipande hicho kitanipa kazi baadaye.

18 Januari

Njia ya mashariki hadi magharibi, Ayat mpaka Tor Hailoch: kilomita 17.4, vituo 22, kwa hiyo nafasi 21 kati ya kituo na kituo. Wastani ni mita 829. Kasi ya juu kabisa ni kilomita 70 kwa saa. Nikagawanya, nikajumlisha, nikapata dakika 15 kutoka mwisho hadi mwisho. Kwa furaha nikamtumia rafiki yangu wa Addis, ambaye ni mhandisi wa barabara. Akajibu kwa sentensi moja: "Treni yako haina breki?"

Kweli. Nilikuwa na treni inayoruka kituoni ikiwa tayari kwenye kilomita 70 na kufika kituo cha pili bila kupunguza mwendo. Nimerekebisha: mchapuko, yaani kasi kubadilika, wa mita 1 kwa sekunde kila sekunde, wakati wa kuondoka na wakati wa kusimama. Sasa nafasi moja ya mita 829 inachukua sekunde 62, na nafasi zote 21 zinachukua karibu dakika 22. Ongeza sekunde 30 za kusimama kwenye kila kituo cha katikati, vituo 20, dakika 10. Jumla ni dakika 32 kasoro kidogo, bila kuhesabu taa wala bughudha nyingine.

Nikajaribu kushusha kasi ya juu kutoka 70 hadi 50. Nilitarajia msiba. Nafasi moja imeongezeka sekunde 11 na nusu tu. Njia nzima, dakika 4. Nimerudia hesabu mara tatu kwa sababu sikuamini, lakini iko sawa: vituo vikiwa karibu hivi, treni inaipata ile 70 kwa muda mfupi tu kabla ya kuanza kupunguza tena. Nimeiandika pembeni kwa kalamu nyekundu bila kujua itanifaa wapi.

26 Januari

Nimekwenda kumsalimia mjomba. Alianza kama konda wa daladala, akawa dereva, sasa anafuga kuku. Baada ya shikamoo na marahaba na habari za nyumbani nikamweleza mradi. Akasikiliza hadi mwisho, kisha akasema:

"Mpwa wangu, gari haichelewi barabarani. Inachelewa mlangoni. Wewe umeweka sekunde thelathini, ni nani kakuambia? Umemwona mama mwenye ndoo mbili na mtoto mgongoni anavyopanda?"

"Ngapi basi, mjomba?"

"Weka arobaini na tano, na hapo nimekuonea huruma."

Nimeweka 45. Safari imerefuka kwa dakika 5. Sekunde 15 za mlango zimekula zaidi ya kilomita 20 za kasi. Mkandarasi akikuletea kipeperushi chenye kasi ya juu kwa herufi kubwa, mwulize kwanza milango mingapi, upana gani, na sakafu iko juu kiasi gani kutoka jukwaa.

Jioni nzima nimesoma habari za sakafu. Treni za Addis ni za sakafu ya chini kwa asilimia 70: katikati unaingia kama unaingia sebuleni, lakini kwenye ncha, juu ya bogi zenye mota (fremu za magurudumu zilizo chini ya behewa), unapanda ngazi. Si uzembe wa msanifu. Ukitaka sakafu iwe chini kote, ekseli ya kawaida inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia haina pa kupita, na bogi lazima lisanifiwe upya katika nafasi finyu, vitu vyote vikibanana, fundi akitafuta pa kuingiza mkono. Ottawa walichagua sakafu ya chini kote kwenye njia yao iliyofunguliwa Septemba 2019, iliyochukua abiria wa barabara za mabasi zilizokuwa zimefurika tayari. Mwaka 2021 treni zao ziliacha reli mara mbili, Agosti na Septemba, na ikaundwa tume ya uchunguzi. Sakafu peke yake haikuangusha treni, ila ukisoma yaliyotokea unaona jinsi gari lililobuniwa kwa mitaa ya polepole lilivyodaiwa kazi ya treni kubwa.

Manchester mwaka 1992 walikwenda upande wa pili kabisa. Walirithi reli za zamani zenye majukwaa marefu kwenda juu, wakaamua treni ziwe za sakafu ya juu ili wasivunje vituo vya kale. Waliokoa pesa huko pembezoni, na katikati ya mji wakalazimika kujenga majukwaa yanayosimama mtaani kama meza. Sisi wa Dar tunayajua majukwaa ya namna hiyo: vituo vya mabasi ya Mwendokasi.

9 Februari

Swali la vituo. Nimeondoa vituo vitano, nafasi zikawa za mita 1,087. Kila kituo kinachoondoka kinaokoa sekunde 49: zile 30 za mlango (nimerudisha 30 ili nilinganishe kitu kimoja kwa wakati mmoja) na 19 za kupunguza na kuongeza mwendo. Vitano, dakika 4. Safi.

Lakini nani anasafiri kutoka Ayat hadi Tor Hailoch? Mtu wa kawaida anapanda theluthi ya njia. Yeye anaokoa sekunde 80 na kitu. Na kufika kituoni sasa anatembea wastani wa mita 65 zaidi, na akishuka mita 65 nyingine. Kwa mwendo wa kawaida hizo ni sekunde 100. Nimempa treni ya haraka na nimemchelewesha. Anayefaidi ni yule anayekaa mwisho wa njia, na mara nyingi ndiye anayesikika vikaoni, kwa kuwa mitaa mipya ya pembezoni ina watu wenye nafasi ya kuhudhuria vikao.

Nimerudisha vituo vyote 22.

22 Februari

Hesabu ya treni. Kwenda na kurudi dakika 63, mapumziko dakika 5 kila mwisho, mzunguko mzima dakika 73. Ukitaka treni kila dakika 6 unahitaji 13 kwa njia moja, 26 kwa njia mbili. Treni 41 zinatosha na kubaki. Lakini ukitaka kuunganisha mbilimbili saa za msongamano zinatakiwa 52, na hazipo. Ukiweka tano karakana na kuunganisha zilizobaki, unapata misafara tisa kwa kila njia, na abiria anasubiri dakika 8. Treni ndefu kila dakika 8 au fupi kila dakika 6? Mimi ningechukua fupi. Mtu aliyesimama juani hahesabu viti, anahesabu dakika.

Kisha kile kipande cha pamoja. Kila njia ikiwa na treni kila dakika 6, pale juu ya nguzo inapita moja kila dakika 3 kwa kila upande. Siku mji ukikua na ukataka kila dakika 3 kwa kila njia, pale zitapita kila sekunde 90, na mlango wa mjomba unakula 45 kati ya hizo. Mama mmoja mwenye ndoo akichelewa Lideta, anayesubiri Ayat anaumia. Kujenga nguzo za kubeba jozi mbili za reli badala ya nne kuliokoa fedha nyingi wakati wa ujenzi, na kumeweka dari juu ya mtandao mzima. Sisemi walikosea. Nasema deni hilo lipo, hata kama haliko kwenye mkataba wa mkopo.

Yaliyotokea kweli hayakuhusu dari hiyo bali treni zenyewe. Miaka iliyofuata treni nyingi kati ya zile 41 zilisimama kwa kukosa vipuri, na vipuri vinahitaji fedha za kigeni. Nimejaribu treni 10 zinazotembea, tano kwa kila njia: kusubiri karibu dakika 15. Hapo ujanja wangu wote wa sekunde 11 na sekunde 49 unaonekana mchezo wa watoto. Nimeongeza safu ya bajeti ya vipuri na kuipaka rangi ya njano.

1 Machi

Umeme umekatika, betri imekufa, na toleo la mwisho nililohifadhi lilikuwa la Jumanne. Nimeandika upya nusu yake. Hakuna cha ziada.

8 Machi

Leo niko nyumbani kwangu: mabomba.

Kuweka reli barabarani si kulaza vyuma. Bomba la maji likipasuka chini ya lami, tunafunga upande mmoja wa barabara, magari yanapita upande wa pili, watu wanatutukana siku tatu, tunamaliza. Likipasuka chini ya reli, treni zote zinasimama. Kwa hiyo kabla ya kulaza reli unahamisha kila kitu kilicho chini yake: maji safi, maji taka, umeme, simu, na vile visivyoonyeshwa kwenye ramani yoyote. Kila aliyewahi kuchimba mtaa wa zamani anajua kwamba ramani ya mabomba ni hadithi ya kupendeza tu.

Edinburgh walijifunza hivyo. Mabomba yaligoma, mkataba ukaingia ugomvi, njia ikakatwa fupi, na ilipofunguliwa Mei 2014 kilomita 14 zilikuwa zimegharimu pauni milioni 776. Kipande cha kwenda Newhaven, kilichokuwamo kwenye mpango wa awali, kilifika Juni 2023. Sydney nao walikutana na nyaya za chini ya George Street, na bei yao ikapanda vilevile.

Unaweza kukwepa kwa kupanda juu ya nguzo. Kila nguzo bado inataka shimo, lakini ni shimo moja kila mita 30 badala ya mtaro wa kilomita nzima. Unalipia zege, unalipia lifti na ngazi kwenye kila kituo, na unaweka kivuli cha kudumu juu ya maduka ya chini. Au unatafuta ardhi isiyo na mabomba wala watu, ambayo mjini kwetu maana yake ni bonde la mto. Karakana ya Mwendokasi pale Jangwani ilijengwa kwenye bonde la mto Msimbazi. Ardhi ilikuwapo, karibu na katikati ya mji. Maji nayo huja kila masika kuikumbuka njia yake.

Kwenye makutano nimeweka taa yenye mzunguko wa sekunde 120, treni ikipewa 40. Treni inayofika bila mpangilio inasubiri wastani wa sekunde 27. Makutano kumi ni dakika 4 na nusu. Unaweza kuipa treni kipaumbele, taa iione na kuifungulia. Lakini treni zikipita kila dakika 6 kila upande, barabara ya pili inafungwa kwa sekunde 40 kila dakika 3, zaidi ya asilimia 20 ya muda. Ukiongeza treni mara mbili, asilimia 44. Hapo wenye magari wanaanza kupiga simu kwa wakubwa.

24 Machi

Nimerudi kutoka Addis jana usiku. Siku nne, kwa fedha yangu mwenyewe, na mke wangu ameshauliza mara mbili kama mradi huu una mwisho.

Rafiki yangu alinipokea na tukapanda kutoka Ayat. Mji uko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari na kifua changu cha pwani kilijua. Treni ilijaa kiasi kwamba ile hesabu ya milango niliihisi mbavuni: watu walishuka kwa zamu, mabega mbele, na mlango ulijifungua tena mara mbili kwa sababu ya mkoba wa mtu. Nilikuwa na saa mkononi. Mjomba hakukosea.

Lakini kilichonibadilishia mradi hakikuwa ndani ya treni. Tulishuka kituo kimoja upande wa mashariki, pale reli inapopita katikati ya barabara pana, imezungushiwa uzio pande zote mbili. Upande tuliosimama palikuwa na mama anayepika kahawa kwenye kibanda. Rafiki yangu akamwuliza kwa Kiamhari kama treni imemsaidia. Akasema anaipenda, binti yake anaipanda kwenda chuoni. Kisha akanyoosha kidole upande wa pili wa barabara. Dada yake anakaa kule. Zamani walikuwa wakiitana. Sasa, akasema, kwenda kuomba chumvi ni safari.

Nikapima kwa macho: nyumba ya dada ilikuwa mbali mita 40, labda 50.

Tuliporudi hotelini nilifungua lahajedwali. Safu ya abiria ipo, ya treni ipo, ya madereva wa magari ipo, ya mabomba ipo, ya vipuri ya njano ipo. Mtu asiyepanda treni hana safu. Nilikuwa nimejenga mizani isiyo na upande wake kabisa, miezi miwili na nusu, na wala sikuona pengo.

5 Aprili

Safu mpya: ASIYEPANDA.

Chukua hali ngumu, kwamba unaweza kuvuka kwenye vituo peke yake. Mtu aliye katikati ya vituo viwili anatembea mita 415 hadi kivukoni na 415 kurudi upande wa pili: mita 830, dakika 11 na nusu, kufika mlango anaouona. Kwa wastani wa wote wanaokaa kandokando, ni mita 415 za ziada, karibu dakika 6. Kwenda. Kurudi ni nyingine.

Daraja la waenda kwa miguu linapunguza urefu huo na kuleta mwingine. Ili kupita juu ya nyaya na treni unahitaji kupanda mita 6 hivi. Mwenye kiti cha magurudumu, au mwenye mkokoteni, hapandi ngazi. Mteremko unaofaa ni mita 1 kwa kila 12, kwa hiyo mita 72 za kupanda na 72 za kushuka. Na aliyekulia Dar hahitaji hesabu hii. Kuna kituo kinaitwa Manzese Darajani kwa sababu ya daraja la miguu juu ya Barabara ya Morogoro, na utotoni mwangu daraja lilikuwa la kupigia picha. Watu walipita chini, wakikimbia.

Ukiweka vivuko vya kawaida kila mita 200, bila ngazi, mzunguko wa wastani unashuka hadi mita 100. Dakika moja na nusu badala ya sita. Shida ni treni. Kwa breki ya kawaida, treni iliyo kwenye kilomita 70 inataka mita 189 kusimama. Ikiwa kwenye 50, mita 96. Kwa breki ya dharura yenye nguvu mara mbili na nusu, 76 na 39. Huwezi kuweka kivuko cha wazi kila mita 200 mbele ya kitu kinachohitaji mita 189. Kwa maneno mengine, uzio haukuletwa na treni. Uliletwa na ile 70.

Na hapo nikaikumbuka kalamu nyekundu ya Januari. Kutoka 70 kwenda 50, njia nzima, ni dakika 4.

Sina hata haja ya njia nzima. Nimechukua kilomita 5 tu za sehemu yenye watu wengi pande zote mbili, nafasi sita kati ya vituo, nikashusha huko peke yake. Abiria anapoteza sekunde 69. Mzunguko wa treni umerefuka kidogo, nimegawanya tena kwa dakika 6, na idadi ya treni imebaki 13. Hakuna treni ya ziada ya kununua. Nimekaa nikaitazama hiyo 13 kwa muda mrefu.

12 Aprili

Nimempelekea mzee mmoja niliyewahi kufanya kazi chini yake, mhandisi wa barabara aliyestaafu, mtu asiyependa kusifia. Alivaa miwani, akasoma safu zote, akachelewa kwenye ile mpya.

"Kijana, umeondoa uzio."

"Kwa kilomita tano, mzee."

"Bodaboda ndio watakuwa abiria wa kwanza wa reli yako. Umeona kwenye njia ya Mwendokasi? Pale kuna ukingo, na bado wanaingia. Halafu hizi sekunde zako 69, umempa dereva njia tupu. Mtu mmoja akijirusha mbele, anabana breki, abiria wanaanguka, unaanza upya. Mara tatu kwa safari, dakika yako moja imekuwa tatu. Na siku akigonga mtoto, kesho yake utajengwa ukuta, si uzio."

Hana makosa. Los Angeles, kwenye njia yao iliyofunguliwa 1990, wana historia ndefu na ya kuumiza ya magari na watu kugongwa pale treni inapopita usawa wa barabara. Nilimwuliza angefanya nini yeye. Akasema angeangalia kwanza reli imelala juu ya nini.

Sikulifikiria hilo kabisa. Reli juu ya kokoto na mataruma: bodaboda hapiti, lakini mama wa kahawa naye anajikwaa. Reli iliyozamishwa kwenye zege: mama anapita vizuri, na bodaboda anashukuru. Katikati yake kuna majani, kama Strasbourg, Ufaransa: mguu unapita, gurudumu linazama na dereva anaona aibu. Lakini majani yanataka maji, na mimi ninajua kuliko wengi maji ya mji huu yanavyogawanywa mwezi wa Septemba. Mzee alipendekeza kokoto kwa jumla, zege kwenye vivuko tu, kila kivuko kikiwa na kona: unageuka kwanza kuitazama treni inakotoka kabla ya kukanyaga reli. Kona hiyo bodaboda haimfai kwa sababu ni finyu. Nikamwuliza mwenye kiti cha magurudumu je. Akanyamaza, akachora upya, akaipanua hadi mita moja na nusu, na bodaboda akarudi.

Tulibishana hadi chai ikapoa. Amenipa mchoro wa nane kati ya tuliyochora, kona ya upana wa mita 1.2 na nguzo moja katikati ya mlango. Anasema ujaribiwe kwa chaki kwenye uwanja wa mpira kabla mtu hajaamini.

27 Aprili

Chaki imejaribiwa. Kiti cha magurudumu tuliazima zahanati ya mtaa, na kijana wa bodaboda alilipwa lita mbili za petroli. Mchoro wa nane umeshindwa: pikipiki ilipita kwa kuinamishwa, kijana akicheka, wakati kiti kilikwama kwenye nguzo. Wa tisa, nguzo ikiwa imesogezwa na kona kuongezwa ya pili, umemchelewesha bodaboda kiasi cha kumfanya ashuke na kuisukuma. Mzee anasema akishuka inatosha.

Lahajedwali sasa lina safu 14. Safu ya ASIYEPANDA bado ina kasoro kubwa kuliko zote: najua anatembea mita ngapi, sijui anavuka mara ngapi kwa siku. Dada wa mama wa kahawa anaweza kuwa mmoja, au wako elfu kila saa, na jibu linabadilisha kilomita zipi zipewe 50 na zipi ziachwe na 70. Abiria tunawahesabu kwa tiketi. Anayevuka hakati tiketi.

Nimenunua kaunta mbili za mkononi Kariakoo, zile za kubonyeza. Moja ya kushoto kwa wanaopita juu ya daraja, moja ya kulia kwa wanaopita chini. Mjomba amekubali kuja nami Manzese Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi, kwa sharti kwamba chai ni juu yangu.